Uzi maalumu: Taa, plagi na kamera za Wi-Fi zinapogoma (Mtwara na Lindi). Tutafute kosa kabla ya kuriseti

FundiLigula (Mtwara)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba uzi huu uwe wa kazi.

Kifaa kikiacha kuonekana kwenye simu, wengi hukimbilia kubonyeza kitufe sekunde 5 na kukiriseti. Hilo naomba tuliache. Ukiriseti unafuta mipangilio na ratiba zote, na unapoteza ushahidi wa kilichotokea. Kama kosa lilikuwa kwenye ruta, kifaa hakitarudi, na sasa una matatizo mawili.

Kati ya simu yako na taa kuna viungo 4: umeme unaolisha kifaa, redio (Wi-Fi, au Zigbee ambayo ni redio ya vifaa vidogo kama vihisi), anwani ya IP ambayo ruta hukipa, na seva za kampuni zilizoko nje ya nchi. Neno "offline" kwenye programu halikwambii ni kiungo gani kimekatika. Kukitafuta ni kazi ya dakika 10.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko cha chini; nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Plagi nyingi hujitaja kwa jina linaloanza na ESP_ au hazijitaji kabisa, kwa hiyo linganisha anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) na ile iliyomo kwenye taarifa za kifaa ndani ya programu.

Kifaa kikiwa hakimo kwenye orodha, kosa liko kwenye umeme, redio au nywila. Kikiwemo bila anwani, au kikiwa na anwani inayoanza na 169.254, redio ni nzima na tatizo ni ugawaji wa anwani. Kikiwemo na anwani yake halali, kipigie ping (jaribio la kuuliza kama kifaa kinajibu) kutoka kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo huku data ya simu umezima. Kikijibu vizuri lakini programu bado inasema "offline", ruta na kifaa havina kosa; angalia intaneti au seva. Kikijibu mara moja na kupoteza mara tatu, mawimbi ni dhaifu au yana fujo.

Jaribio jingine la maana: chomoa laini au waya wa intaneti kwenye ruta, iache Wi-Fi ikiwa hewani, kisha jaribu kuwasha plagi. Vifaa vingi vya Tuya (mfumo unaotumiwa na chapa nyingi za vifaa janja) huendelea kutii simu iliyo ndani ya nyumba hata intaneti ikiwa imekatika. Ikitii, umeshajua kosa haliko kati ya simu, ruta na plagi.

Leteni maswali. Atakayeuliza ataje aina ya ruta, aina ya kifaa, na matokeo ya majaribio haya.

Kisima_Lindi

Mkuu, asante kwa uzi. Plagi mpya ya Tuya, soketi ya 13A. Ruta ni ya faiba yenye 2.4 na 5 kwa jina moja. Taa ya plagi inapepesa harakaharaka, programu inafika nusu kisha inasema imeshindwa. Ruta na plagi viko chumba kimoja. Kwenye orodha ya ruta haimo.

FundiLigula

Mkuu Kisima, umeuliza kifaa kipya kinachogoma kuingia, na hapo sababu ni nyingi kuliko kifaa cha zamani kilichopotea. Nenda kwa mpangilio huu.

Kwanza, plagi hizo zina redio ya 2.4 GHz tu. Chipu kama ESP8266 na nyingi za Tuya haziijui 5 GHz. Ruta yako ina kipengele kinachoitwa "Smart Connect" au "Band Steering", kinachounganisha bendi mbili kwa jina moja. Kizime, upe 2.4 jina lake, kwa mfano "nyumbani_2". Herufi na tarakimu za kawaida tu. Alama za ajabu, nafasi na emoji kwenye jina huvisumbua vifaa vya bei rahisi. Usifiche jina la mtandao.

Pili, ulinzi. Ukiwa WPA3 peke yake, plagi nyingi haziingii. Weka WPA2-PSK yenye AES. Kama kuna mahali pameandikwa "PMF" au "802.11w" na pamewekwa kuwa lazima, weka hiari au zima kwa bendi ya 2.4.

Tatu, hali ya bendi. Ruta ya Wi-Fi 6 ikiwekwa "ax only", au ya zamani ikiwekwa "n only", vifaa vingine havioni kitu. Chagua mchanganyiko wa b/g/n. Upana wa chaneli weka 20 MHz, si 40. Chaneli weka 1, 6 au 11 kwa mkono. Ikiachwa ijichagulie yenyewe inaweza kuangukia 12 au 13, na kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hakisikilizi huko kabisa.

Nne, na hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua: simu. Zima data. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti, hurudi kwenye data kimyakimya, na mazungumzo na plagi yanakatika katikati. Ipe programu ruhusa ya mahali, maana bila hiyo Android haiiruhusu kutafuta mitandao. Kwenye iPhone nenda kwenye mipangilio ya faragha, uiruhusu programu ione vifaa vya mtandao wa ndani. Washa blututhi pia, kwa sababu plagi mpya nyingi hupokea jina na nywila ya Wi-Fi kwa njia hiyo. Zima VPN.

Ikishindikana tena, badili njia ya kuunganisha. Taa kupepesa haraka ni njia ambayo simu hutangaza nywila hewani na plagi huidaka. Bonyeza kitufe tena sekunde 5 hadi ipepese polepole. Hapo plagi inafungua mtandao wake wenyewe unaoanza na jina kama SmartLife. Unaingia humo kwa simu, unaikabidhi nywila ana kwa ana, halafu inahama kwenda kwenye ruta. Njia hii haidai simu na plagi zisikilizane kupitia ruta, ndiyo maana hufanikiwa pale ile ya kwanza inapokwama.

Kisima_Lindi

Nimetenganisha majina na kuweka WPA2. Imeingia. Sasa nikiwa sebuleni na simu kwenye 5 GHz inaitii, lakini nikihamia Wi-Fi ya wageni haionekani hadi intaneti iwepo. Ni kawaida?

Mikindani_Net

Ni kawaida, mkuu. Mtandao wa wageni umewekewa ukuta makusudi: simu iliyo humo hairuhusiwi kuongea na kifaa kingine cha ndani, kwa hiyo amri inapanda hadi seva za nje na kurudi. Ruta nyingine zina kipengele hicho hata kwenye mtandao mkuu, kwa jina la "AP Isolation" au "Client Isolation". Kikiwashwa, kila kitu kitategemea intaneti hata kama plagi iko mita 1 kutoka ulipo.

BiRahaleo

Habarini ndugu zangu. Mimi shida yangu ni balbu za Wi-Fi, za kubana, ziko 6. Umeme ukikatika na kurudi, siku nyingine zinarudi vizuri, siku nyingine 2 au 3 zinabaki zinapepesa na kwenye programu zimepotea. Ni balbu mbovu?

FundiLigula

Dada, balbu zako ni nzima. Zinafanya kile zilichoambiwa.

Balbu haina kitufe, kwa hiyo watengenezaji wameipa njia ya kuriseti kwa swichi: ukizima na kuwasha mara 3 (nyingine mara 5) kwa haraka, inafuta nywila na kuingia hali ya kuunganishwa upya. Umeme ukirudi kwa kucheza, ukaja, ukakata, ukaja, ukakata, balbu inahesabu. Haijui kama ni mkono wako au ni laini. Zinaponea zile ambazo hazikuhesabu mikato yote, ndiyo maana siku nyingine ni 2 na siku nyingine ni 3.

Kuunganisha upya kila mara si tiba. Njia ya kudumu ni kuzuia mikato ya harakaharaka isifike kwenye balbu. Kuna kinga ya volti inayofungwa kwenye reli ndani ya boksi la umeme, ambayo hukata volti ikizidi au kupungua, na hungoja muda unaoweka kabla ya kurudisha. Ukiiwekea sekunde 60 kwenye saketi ya taa, umeme unaweza kucheza nje upendavyo; balbu zitauona mara moja tu, ukishatulia. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na achague ya ampea zinazoendana na saketi.

Njia ya pili ni kutumia balbu za kawaida na kuweka swichi janja ukutani. Swichi ina kitufe chake cha kuriseti, kwa hiyo haina haja ya kuhesabu mikato. Na mgeni akizima ukutani, huipotezi kwenye programu.

Wanaotumia Tasmota (programu huria inayowekwa ndani ya kifaa badala ya ile ya kiwandani): huko kuriseti kwa mikato kumewekwa mara 7, na unaweza kukufuta kabisa kwa amri ya SetOption65 1. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Mtandahimba

Naongezea kwa dada. Ile kinga ya sekunde 60 ina faida nyingine. Umeme ukirudi, balbu huwaka ndani ya sekunde 2 na kuanza kutafuta Wi-Fi, wakati ruta bado inajiwasha, na ruta ya faiba au ya laini huchukua dakika 1 hadi 3. Vifaa vizuri hurudia kutafuta bila kuchoka. Vya bei rahisi hujaribu kidogo kisha huganda hadi vizimwe. Kinga ikiwekewa muda unaozidi ule wa ruta kujiwasha, vinaikuta ruta iko tayari.

Bora zaidi, ruta isizimike. Nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta, ile ya volti 9 na 12. Tazama kibandiko cha adapta ya ruta yako: ikisema 12V 1A, tumia tundu la kutoa umeme la 12V, na hakikisha ukubwa wa pini unalingana. Hesabu ya muda ifanye mwenyewe, usitegemee boksi. UPS iliyoandikwa 8,800 mAh, namba hiyo ni ya seli za volti 3.7, yaani kama wati-saa (Wh) 32. Ukitoa upotevu wa kubadili volti, unabaki na kama Wh 26. Ruta inayokula wati 6 itakaa saa 4 hivi. Inayokula wati 12 itakaa saa 2.

Mikindani_Net

Tukiwa kwenye umeme, niseme la swichi za ukutani, maana dada akifuata ushauri huo atakutana nalo. Nyumba nyingi zimefungwa waya ambapo kwenye boksi la swichi kuna laivu na waya wa kurudi kwenye taa tu. Nyutro imeishia darini. Swichi janja ya kawaida inataka nyutro ili redio yake ipate umeme taa ikiwa imezimwa.

Zipo swichi za bila nyutro. Hizo hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo sana ndani ya taa yenyewe. Taa ikiwa LED ya wati 3 au 5, inaonekana ikimulika kwa mbali usiku au kupepesa, na swichi nayo inanyongwa njaa, redio inazimika na kuwaka. Mwenye nyumba analaumu Wi-Fi. Dawa ni kapasita ndogo inayokuja kwenye boksi la swichi, na watu huitupa wakidhani ni kipuri cha akiba. Inafungwa kwenye taa, kati ya waya wa kurudi na nyutro, si kwenye swichi. Kwa nyumba inayojengwa sasa, mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi. Gharama yake ni waya wa ziada tu, na ukishapiga plasta nafasi hiyo haipo tena.

Kisima_Lindi

Vipi kuhusu nyumba zenye kuta nene? Mikindani na Lindi mjini kuna majengo ya mawe ya matumbawe, ruta ikiwa chumba cha mbele, kamera ya uani haishiki.

Mikindani_Net

Hapo tuongee kwa vipimo. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm na ni namba hasi. Ikikaribia sifuri ni nzuri. Minus 50 ni safi sana. Hadi minus 67 kamera inafanya kazi bila shida. Minus 70 hadi 75 plagi itavumilia, kamera itaganda. Kuanzia minus 80 usihangaike, badili mpangilio. Pakua programu yoyote ya kuchambua Wi-Fi, nenda na simu hadi pale kifaa kitakapokaa, usome. Kumbuka antena ya simu ni bora kuliko ile iliyochorwa kwenye kibao kidogo ndani ya plagi, kwa hiyo simu ikisoma minus 65, ichukulie plagi inasikia minus 72 hivi.

Kila ukiongeza umbali mara mbili mahali pa wazi unapoteza dB 6. Ukuta mnene wa mawe na chokaa unaweza kula dB 10 na zaidi, na dB 10 maana yake umebaki na sehemu 1 ya 10 ya nguvu. Kuta 2 za namna hiyo na mchezo umekwisha, hata ruta iwe na antena 8. Ukuta ukiwa na unyevu baada ya mvua, hali inazidi kuwa mbaya. Bati halipitishi chochote, linarudisha. Simtank iliyojaa maji nayo ni ukuta, na wengi huweka kamera nyuma yake bila kuwaza.

Milango na madirisha ndiyo njia ya mawimbi kwenye nyumba hizo. Sogeza ruta ikae juu, mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, mkabala na mlango wa ukumbi, mbali na friji na tanuri la maikrowevu. Mara nyingi hilo peke yake linaokoa dB 8 au 10 bila kununua kitu.

Mtandahimba

Au anunue ripita. Bei yake si kubwa.

Mikindani_Net

Kwa plagi na taa nakubali, mkuu. Kwa kamera nakataa. Ripita ya kawaida inapokea na kurusha kwa redio hiyohiyo, kwa hiyo kasi inakatika nusu. Plagi inatumia baiti chache, haitajali. Kamera ya 1080p inataka kama Mbps 2 mfululizo, na ukiwa nazo 3 kwenye ripita moja iliyo pembeni utapata picha za kuganda kila siku.

Na ripita nyingi huwekwa mahali pabaya. Watu huichomeka pale pasipo na mawimbi, wakitaka iyalete. Haiwezi kurudia kisichoifikia. Ikae katikati ya safari, mahali simu inaposoma minus 60 hadi 65.

Kwa jengo la mawe dawa ya kweli ni waya. Vuta UTP Cat5e ya shaba halisi hadi uani, mwisho ni mita 100, ufunge aksesi pointi (kifaa cha kurusha Wi-Fi) huko. Zile nyaya za alumini iliyopakwa shaba ziache, hasa kama utapitisha umeme wa kamera ndani yake. Kwa nje chukua yenye ganda jeusi la kuvumilia jua.

Ruta ya zamani inaweza kufanya kazi ya aksesi pointi, ila fuata hili kwa makini. Ipe anwani ya 192.168.1.2 (ruta kuu ikiwa 192.168.1.1), zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), na waya uchomeke kwenye tundu la LAN, usiguse WAN. Ukiiacha na DHCP yake unakuwa na wagawaji wawili wa anwani ndani ya nyumba moja. Kifaa kinachopata anwani kwa mgawaji asiye sahihi kinaonyesha kimeunganishwa na hakifiki popote, halafu kesho kinapona chenyewe, kesho kutwa kinaumwa tena. Ni kosa linalopoteza muda wa mafundi kuliko yote ninayoyajua.

Mtandahimba

Sawa mkuu, la ripita na kamera nimelikubali.

Mimi nalileta la maghala. Msimu wa korosho watu wanataka kamera ghalani. Ghala ni bati juu na pembeni, ruta iko ofisini mita 80. Hapo hata aksesi pointi ya nje haiingii ndani.

FundiLigula

Hapo tumia jozi ya redio za kuelekezana za 5 GHz, zile za kufunga ukutani, moja ofisini, moja nje ya ghala, kisha waya upenye ndani na aksesi pointi au kamera za waya ziwe ndani ya bati. Masharti ni kuonana. Mwembe au mkorosho ukiwa katikati, majani yanakula mawimbi ya 5 GHz, na yakilowa ni zaidi. Kiungo kinachofanya kazi kiangazi kinaweza kufa mvua zikianza Desemba. Pandisha mlingoti upite juu ya majani. Mlingoti uwe na waya wa ardhi, na vifaa vya kinga ya radi viwe pande zote mbili za waya wa mtandao.

Halafu chumvi. Kwa walio Shangani, Mikindani na Lindi pwani, hili ni la kila kifaa cha nje. Kamera imeandikwa IP66, na mwili wake kweli hauingizi maji. Lakini ule mkia wake wenye tundu la waya wa mtandao (RJ45) na la umeme unaachwa unaning'inia nje, na upepo wa bahari unaufikia. Pini zinaota kutu ya kijani, kamera inaanza kukatika asubuhi kukiwa na umande na kupona mchana jua likikausha. Ukiona mtindo huo wa asubuhi na mchana, usiguse ruta, fungua kiungio. Kisafishe kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme, na kama pini zimelika, kata ubane kichwa kipya. Mkia wote uingie ndani ya boksi la plastiki lenye mpira, matundu yatazame chini, na waya upinde chini kabla ya kuingia ili maji yadondoke yasifuate waya. Viungio vya antena vya nje vizungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Utepe wa umeme wa kawaida unaachia gundi juani.

BiRahaleo

Ahsanteni sana. Kinga nimeielewa. Jirani ana vihisi vya mlango vya Zigbee, hub (kituo kinachoviunganisha na mtandao) ameiweka juu ya ruta kabisa, vinapotea. Havitumii Wi-Fi, sasa vinaathirikaje?

Mikindani_Net

Zigbee inakaa hewani kulekule 2.4 GHz, dada. Wi-Fi chaneli 1 imekaa kwenye 2412 MHz, 6 kwenye 2437, 11 kwenye 2462, na kila moja inatanuka kama MHz 20. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26, nyembamba, kuanzia 2405 hadi 2480. Mianya iliyobaki kati ya Wi-Fi ni Zigbee 15, 20 na 25. Kwa mfano Wi-Fi ikiwa chaneli 1 au 6, weka Zigbee 25. Usikimbilie 26, kwani vifaa kadhaa hurusha kwa nguvu ndogo huko au haviitumii kabisa. Na hub isikae juu ya ruta. Itenge angalau mita 1, ikiwezekana 2.

Jua kwamba ukibadili chaneli ya Zigbee, baadhi ya vihisi vya betri havitafuata, itabidi viunganishwe upya. Ni bora kubadili ya Wi-Fi na kuiacha ya Zigbee ilipo.

Wanaotumia kidude cha USB cha Zigbee (dongle, au "dongo") kwenye kompyuta ndogo yenye Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa janja ndani ya nyumba): tundu la USB 3.0 na diski yake hutoa fujo palepale kwenye 2.4 GHz. Chomeka dongo kwenye USB 2.0 kwa waya wa kurefusha wa nusu mita hadi mita 1. Kasoro nyingi za "Zigbee mbovu" zinaishia hapo.

Jingine: vihisi vya betri havirudii mawimbi ya wenzake. Plagi na swichi zenye umeme ndizo zinazorudia. Mtu akichomoa plagi ya Zigbee achaji simu, vihisi vilivyokuwa vikipitia humo vinapoteza njia.

Kisima_Lindi

Swali la MiFi. Vifaa 9 vinakaa vizuri, nikiongeza simu 2 kitu kimoja kinatoka, na si kilekile kila siku.

FundiLigula

MiFi nyingi zina kikomo cha vifaa 10. Cha 11 kinapoingia, mwingine hukosa nafasi, na anayekosa ni yule aliyechelewa kurudi baada ya kukatika. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo. Chukua ruta ya mezani ya laini, nyingi hubeba vifaa 32 au zaidi. Ukiwa nayo, nenda kwenye DHCP uangalie upana wa anwani. Ikiwa 100 hadi 120, panua iwe 100 hadi 200. Kamera na hub ziwekee anwani ya kudumu kwa MAC zake hukohuko kwenye ruta, si ndani ya kifaa. Na kama MiFi ina mpangilio wa kuzima Wi-Fi ikikaa bila kazi, uzime.

Ukitaka kuziona kamera ukiwa safarini, fungua ukurasa wa hali ya intaneti kwenye ruta. Anwani ya nje ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, hiyo si anwani ya umma, mtandao wa simu unawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kufungua milango (port) kwenye ruta hakutasaidia hata ukeshe. Tumia huduma ya kampuni ya kamera, au Tailscale (VPN ya kufikia vifaa vyako ukiwa mbali) kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani.

Mtandahimba

Na hili la seva za nje tusilidharau. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Swichi inayongoja jibu kutoka ng'ambo siku kama hiyo haina msaada, hata Wi-Fi ya nyumbani iwe na nguvu kiasi gani. Kwa geti, pampu na taa za ulinzi, chagueni vifaa vinavyopokea amri ndani ya nyumba: Zigbee na hub yenye ratiba ndani yake, au Tasmota, au Home Assistant inayoongea na Tuya moja kwa moja kupitia mlango (port) 6668.

Kisima_Lindi

Nakubali. Kuhusu ratiba: taa ya nje niliweka saa 1 usiku inawaka saa 7 usiku.

Mtandahimba

Programu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 1 usiku yetu andika 19:00, saa 12 asubuhi andika 06:00. Hakikisha pia eneo la saa ni Dar es Salaam au Nairobi, UTC+3. Kifaa chenye saa iliyokosewa sana baada ya umeme kukatika hugoma hata kuingia kwenye seva, kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana kana kwamba muda wake haujafika. Hakikisha ruta haijazuia UDP 123, ndiyo njia ya kusawazisha saa.

Kisima_Lindi

La mwisho wakuu. Plagi 1 ya zamani inapotea kwa dakika 2 au 3, halafu inarudi. Nimeandika nyakati: 14:12, 15:12, 16:12. Mawimbi ni minus 55.

Mikindani_Net

Umefanya vizuri kuandika nyakati, jibu limo humo. Mawimbi dhaifu hayafuati saa. Kila saa 1 kamili ni ruta ikibadili ufunguo wa kundi, ule unaolinda matangazo kwa vifaa vyote vya Wi-Fi. Kwenye mipangilio ya ulinzi wa Wi-Fi tafuta "Group Key Update" au "Rekey Interval". Utakuta 3600, yaani sekunde. Plagi hiyo ya zamani haiupokei ufunguo mpya vizuri, inatupwa nje na kuanza upya. Panga 86400 ili ibadilike mara 1 kwa siku, kisha angalia kama programu ina sasisho la plagi, uliweke ukiwa na umeme wa uhakika. Usiweke 0, maana hapo ufunguo haubadiliki tena.

Ingekuwa inapotea mara 1 kila siku kwa wakati uleule, ungeangalia muda wa anwani za DHCP, au ratiba ya ruta kujizima na kujiwasha. Na ingekuwa inapotea jioni tu, kati ya saa 1 na saa 4 usiku, ungepima chaneli upya muda huohuo wa jioni, kwa sababu ndipo Wi-Fi za majirani zote zinakuwa kazini.